Kutayarisha Mabamba ya Chuma kwa Mazoezi ya Kuchomelea na Jaribio la Kupinda

Mkono wa trela uliokwisha kutengenezwa mara moja ukikatika tena njiani, jambo la kwanza la kuchunguzwa ni mshono. Kwa juu mshono huo waweza kuwa umejaa vizuri na kupendeza macho, kumbe upande wa chini vyuma viwili havikupata kuyeyuka pamoja. Trela imebeba pamba ya wanachama, na pengine vibarua wamekaa juu yake. Kwa hiyo chama chenye karakana hakina budi kujua, kabla ya msimu kuanza, kama fundi wake aweza kuunga bamba nene hadi chini kabisa. Njia iliyo rahisi ya kulijua hilo ni kumpa mabamba mawili ya mazoezi, ayaunge ncha kwa ncha, kisha kiungo kipindwe.

Bamba la unene wa milimeta 10 latosha kwa kazi hii. Liwe la chuma laini cha kawaida. Vipande vya springi za lori havifai, kwa sababu ni chuma kigumu kinachoweza kupasuka hata mshono ukiwa mzuri. Bamba lililopakwa zinki nalo liachwe, maana moshi wake hudhuru mapafu. Kila kipande kiwe na urefu wa milimeta 150 kwenye ukingo utakaoungwa, na upana wa milimeta 100 au zaidi.

Kingo zikiachwa wima na kubananishwa, moto wa elektrodi huyeyusha sehemu ya juu tu. Ndiyo sababu kila ukingo huchongwa kwa mshazari wa nyuzi 30, ili mabamba yakikutanishwa yafanye mfereji wa nyuzi 60. Chini huachwa bapa la wima la milimeta 2. Fundi asiye na chombo cha kupimia pembe achore mstari juu ya bamba, milimeta 4 na nusu hivi kutoka ukingoni, na mwingine kwenye unene wake, milimeta 2 kutoka chini. Achonge mpaka mistari yote miwili ifikiwe. Kisha akate katika bati pembetatu yenye pande tatu sawa na kuisimamisha mferejini, ncha chini. Isipokaa sawasawa pande zote mbili, kazi ya tupa haijesha.

Ukingo uliokatwa kwa gesi husagwa hadi mikwaruzo ya moto iishe. Gamba jeusi la kiwandani, kutu, rangi na mafuta huondolewa, juu na chini, kiasi cha milimeta 25 kutoka ukingoni, hadi chuma kionekane cheupe. Wengi huona uvivu hapa, nao huja kulalamikia elektrodi.

Nafasi kati ya mabapa mawili iwe milimeta 3. Kipimo chake kimo karakanani tayari: elektrodi ya milimeta 3.2 iliyobanduliwa dawa yake. Nafasi ikiwa finyu, moto haufiki chini. Ikiwa pana mno, chuma hudondoka. Mabamba hushikizwa kwa mishono mifupi ya milimeta 12 hivi kwenye ncha zote mbili. Kwa kuwa mshono ukipoa huvuta, ncha ya kumalizia huachwa wazi kidogo zaidi, na mabamba huinamishwa nyuma nyuzi mbili au tatu, ili uvutano uyarudishe kuwa sawa.

Uchomeleaji wenyewe hautaki maneno mengi. Tabaka la kwanza hufaa elektrodi ya milimeta 2.5, kwa amperi 60 hadi 90. Yanayofuata, elektrodi ya milimeta 3.2, kwa amperi 90 hadi 130, kama pakiti yake inavyoelekeza. Elektrodi ziwe kavu. Gamba la kila tabaka ling'olewe lote kabla ya tabaka jingine kuwekwa.

Kiungo kiachwe kipoe chenyewe hewani. Kukitumbukiza majini hukifanya kigumu, na jaribio halitakuwa la haki. Milimeta 25 za kila mwisho hukatwa na kutupwa. Katikati hupatikana vipande viwili vya upana wa milimeta 38 hadi 40, kila kimoja kikiwa na mshono unaokikata katikati. Mshono husawazishwa na uso wa bamba, juu na chini. Alama za kusagia lazima ziende kwa urefu wa kipande. Zikienda kwa upana, kila mkwaruzo huwa mwanzo wa ufa, na fundi hulaumiwa kwa kosa la jiwe la kusagia. Pembe za kipande huviringwa kidogo kwa tupa.

Kipande huwekwa juu ya mihimili miwili iliyoachana milimeta 63, na chuma cha mviringo chenye kipenyo cha milimeta 40 husukumwa katikati yake kwa jeki ya lori iliyofungwa katika fremu imara. Kipande kimoja hupindwa uso wa juu ukiwa nje, cha pili upande wa chini ukiwa nje, hadi kila kimoja kiwe kama herufi U. Asisimame mtu mbele ya fremu, na miwani ivaliwe.

Kisha mgongo wa kila kipande hutazamwa. Ufa au tundu linalozidi milimeta 3 ni kushindwa. Madogo, yaliyo kati ya milimeta 1 na 3, yakijumlishwa yasipite 10. Mpasuko upande wa chini huonyesha kuwa bapa lilikuwa nene au nafasi finyu. Mstari mweusi ni gamba lililofunikwa. Vitundu vidogo vidogo ni uchafu au unyevu. Halmashauri ya chama isikitumie kipande kilichopasuka kumwaibisha fundi mbele ya wanachama. Kiandikwe tarehe na kuwekwa karakanani pamoja na kilichofaulu, na fundi apewe mabamba mengine mawili. Mkono wa trela ungoje hadi vipande vyake viwili vipindike bila kupasuka.