Somo: Je, Maskini Halipi Kodi?



Katika darasa letu la baada ya Isha tulikuwa tukizungumza juu ya mabaraza ambayo serikali huwaita raia watoe rai zao kabla ya kupitishwa sheria za fedha. Mzee mmoja, mvuvi wa upande wa Gazi, alisema neno ambalo wengi waliokuwapo walilikubali kwa kutikisa vichwa. Alisema: "Mimi niende nikaseme nini? Kodi ni ya wenye mishahara. Nina mashua yangu na mashini yake. Serikali hainidai kitu, nami siidai kitu." Neno hili twalisikia kila siku, tangu Likoni hata Vanga. Nasi tukaona ni wajibu wetu kulifanya somo la mwezi huu, kwani mwenye kudhani kuwa halipi hujiona pia kuwa hana haki ya kuuliza.

Kodi ziko namna mbili. Ya kwanza humkata mtu wazi, naye huiona kwa macho yake. Tumchukue kijana afanyaye kazi katika hoteli ya Diani kwa mshahara wa shilingi 20,000 kwa mwezi. Huyu hafiki kiwango cha kutozwa kodi ya mapato, lakini kwa hesabu za sheria zilizowekwa tangu mwaka 2023 na 2024 hukatwa 300 za nyumba, ambazo ni asilimia moja na nusu. 550 za bima ya afya, ambazo ni asilimia 2.75, na 1,200 za akiba ya uzeeni. Hubaki na 17,950. Hiyo akiba ni mali yake, na bima ni ya siku ya ugonjwa, basi si haki kusema kuwa vyote vimepotea. Hata hivyo, mwenye nyumba anayempangisha hatazami hayo; kodi ya chumba aitaka nzima mwisho wa mwezi.

Namna ya pili ndiyo iliyomdanganya mzee wetu. Hii haimjii mtu kwa jina lake, bali hujificha ndani ya bei. Kubwa yake ni kodi ya ongezeko la thamani, ile ambayo risiti za madukani huiandika VAT, nayo ni 16 kwa kila mia. Mche wa sabuni uuzwao shilingi 116, shilingi 16 ndani yake ni za serikali. Nyumba itumiayo miche minne kwa mwezi imelipa 64, nayo haikujua. Sasa tazama: tajiri mwenye mapato ya 200,000 naye hulipa 64 zile zile kwa miche minne ile ile, kwani utajiri haumfanyi mtu achafuke zaidi. Shilingi ni sawa, lakini uzito wake kwa kijana wa hoteli ni mara kumi. Na ifikapo masika, hoteli zikapunguza watu, mshahara hukatika, sabuni haikatiki.

Mzee wetu akauliza: "Na mimi mvuvi?" Tukamwambia, wewe hasa. Petroli ya mashini yako ilikuwa ikitozwa kodi hiyo kwa asilimia 8 tangu mwaka 2018, na kuanzia tarehe 1 Julai 2023 ikapandishwa hadi 16. Juu yake kuna ushuru mwingine, ukiwamo ule wa kutengeneza barabara, ambao mwaka 2024 ulitolewa shilingi 18 kwa lita ukapelekwa 25. Mashua haipiti barabarani, lakini petroli yake yalipia lami! Kijana wa bodaboda Ukunda anayetumia lita tatu kwa siku, zile 7 zilizozidi ni 21 kila siku, na kwa siku 26 za kazi ni 546. Hizo hawezi kuzibeba peke yake, basi humtwika abiria. Na nyanya na vitunguu vinavyotoka soko la Kongowea navyo hupanda gari, na gari lanywa mafuta.

Lililotusikitisha zaidi katika hesabu hizi ni khabari ya mafuta ya taa. Walikuwako wafanya biashara waliokuwa wakichanganya mafuta ya taa na dizeli, kwa kuwa mafuta ya taa yalikuwa rahisi, ili wapate faida ya haramu. Mwaka 2018 dawa iliyotolewa ikawa kuyatoza mafuta ya taa ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita, ili bei zikaribiane na udanganyifu uishe. Huenda wenye kuchanganya walizuilika. Lakini aliyelipa ni mama wa Kinango mwenye kibatari, ambaye hajapata kumiliki gari wala kuchanganya chochote. Sisi twasema kuwa hii ni kumwadhibu mtu kwa kosa la mwingine, wala hatuoni haya kulisema.

Jambo hili si jipya katika elimu yetu. Ijapokuwa sisi watu wa pwani ni wa madhehebu ya Shafii, yatufaa kumsikiliza Kadhi Abu Yusuf, mwanafunzi wa Imamu Abu Hanifa, ambaye Khalifa Harun al-Rashid wa Baghdad alimtaka amwandikie juu ya kodi za ardhi. Katika kitabu hicho, Kitab al-Kharaj, alimshauri Khalifa aache kuwatoza wakulima kiasi kisichobadilika kwa ukubwa wa shamba, achukue fungu la mavuno. Maana mwaka wa ukame fungu hupungua pamoja na mavuno, lakini kiasi kilichokwisha wekwa humvunja mkulima. Tena alimwonya juu ya dhuluma za watozaji. Wamepita zaidi ya miaka 1,200, na ule mzani ungali wafaa kupimia. Ile asilimia 2.75 ya bima ni fungu. Lakini kima cha chini kiliwekwa shilingi 300 kwa mwezi, na kwa mwenye kupata 6,000 tu, hizo 300 ni asilimia tano.

Wala Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 haiko mbali na shauri hilo, kwani kifungu chake cha 201 chataka mzigo wa kodi ugawanywe kwa haki, na raia washirikishwe katika mambo ya fedha.

Je, kushiriki kwafaa kitu? Mwaka 2024 mswada wa fedha ulitaka kuutoza mkate wa kawaida ile kodi ya 16 kwa mia. Watu wakapiga kelele, na tarehe 18 Juni jambo la mkate likaondolewa. Tarehe 25 vijana wakaingia Bungeni Nairobi, na roho za watu zikapotea. Siku ya pili yake Rais akakataa kuutia saini mswada wote. Mwenyezi Mungu awarehemu waliokufa. Lakini watu walipokwisha rudi majumbani, mwezi wa Desemba baadhi ya yale yaliyokuwamo yakarudi kwa sheria nyingine, na barazani hakuna aliyeyazungumza. Mswada wa fedha huja kila mwaka, na hujadiliwa kabla ya mwisho wa Juni. Kaunti nayo ina sheria yake ya fedha, na humo ndimo zinamowekwa ada za soko na leseni za duka. Matangazo ya vikao aghlabu huandikwa kwa Kiingereza, basi vijana wetu waliosoma wana kazi ya kufanya.

Na tujisemee wenyewe pia. Wako wenye maduka miongoni mwetu ambao kodi ikipanda shilingi moja wao hupandisha tano, na mwezi wa Ramadhani ukikaribia huficha sukari. Sura ya al-Mutaffifin twaisoma sote. Haikuteremshwa kwa ajili ya mawaziri peke yao.

Mzee wetu aliuliza swali la mwisho. Ule mchanga wa madini wa Nguluku na Maumba ulichimbwa ukapelekwa ng'ambo kwa meli tangu mwaka 2014, hata machimbo yakafungwa Desemba 2024. Sheria ya madini ya mwaka 2016 yasema kuwa katika mrabaha serikali kuu ina 70 kwa mia, kaunti 20, na wenyeji wa mahali 10. "Hizo kumi," alisema, "naweza kuziulizia barazani, hata mimi wa mashua?" Tukamjibu kuwa aweza. Akaomba aandikiwe swali lake kwenye karatasi, nasi tukamwandikia.

Darasa lijalo, inshaallah, mwenye karatasi ya mshahara aje nayo, na mwenye risiti ya duka au ya soko aje nayo, tuzisome pamoja. Wabillahi taufiq.