Pipa Ambalo Halikujaa

Chama chetu kimeniomba niandike somo fupi juu ya kumtumainia Mungu wakati wa shida. Nimelitoa katika 1 Wafalme sura ya 17, kwa sababu ni sura ya ukame, na ukame sisi watu wa Kiambere hatuhitaji kuelezwa.

Bwawa letu lilikamilika mwishoni mwa miaka ya 1980. Maji ya Tana yametanda pale chini, umeme unasafirishwa mbali, lakini ndengu na mtama wa huku juu hungoja mvua. Tangu vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022, misimu mitano ilifuatana mvua ikiwa haba. Ndipo nikasikia watu wakisema eti ni adhabu, kwamba mwenye imani shamba lake halikauki. Neno hilo liliniuma. Nyanya yangu huamka alfajiri kuomba, na mtama wake ulikauka kama wa wengine.

Sasa tufungue sura yenyewe. Mungu anamtuma Eliya akae penye kijito cha Kerithi. Kunguru wanamletea mkate na nyama. Halafu kijito kinakauka! Sababu iliyoandikwa ni moja tu: mvua haikunyesha katika nchi. Basi. Haisemwi popote kwamba nabii alikosa. Alikuwa palepale alipoambiwa akae, na maji yakaisha.

Kutoka hapo anapelekwa Sarepta, nchi ya Sidoni, ugenini kabisa, kwa mjane anayeokota kuni apike chakula cha mwisho, yeye na mwanawe. Pipani imebaki konzi moja ya unga. Eliya anamwambia ampikie yeye kwanza. Jamani, hilo ni ombi gumu, na kila nikilisoma namhurumia yule mama. Lakini anapika.

Wengi wetu hudhani pipa lilifurika pale pale. Hebu someni tena. Hatuambiwi kwamba lilijaa, tunaambiwa halikupunguka. Mimi namwona akiinama kila asubuhi, anachota, anachungulia, na kesho yake anainama tena. Hakupewa ghala.

Hapa sisi wa Kiswahili tuna faida. Neno letu imani, lililotujia kutoka Kiarabu, ni ndugu wa neno la Kiebrania emuna, na amina tunayoitikia ni ya shina hilo hilo. Katika Kutoka 17:12 emuna inatajwa juu ya mikono ya Musa iliyokaa imara hadi jua likatua. Mikono hiyo ilikuwa imechoka! Haruni na Huri ndio walioishikilia, mmoja upande huu na mwingine upande ule. Kwa hiyo mtu aliyechoka akashikiliwa na jirani, asiambiwe imani yake imepungua. Wakati wa ukame ule niliona watu wakigawana mbegu kwa vikombe, nami naliweka jambo hilo katika somo hili hili.

Turudi Sarepta. Mtoto wa mjane anaugua, anakufa. Mama anamlaumu Eliya waziwazi, na Eliya naye anamlilia Mungu kwa maneno makali: mbona umemtendea mabaya mama aliyenikaribisha? Hakuna anayekemewa. Mtoto anarudishiwa uhai, na mama anakiri kwamba neno la Bwana kinywani mwa Eliya ni kweli.

Sura inaishia hapo, na mvua bado haijanyesha. Hiyo ni habari ya sura ya 18.