Mboga ya Majani kwa Kijiko Kimoja cha Mafuta

Wapishi wengi humimina mafuta kwenye sufuria moja kwa moja kutoka kwenye chupa au dumu. Kijiko kimoja kikubwa kina takriban kalori 120, yawe mafuta ya alizeti, ya pamba au ya mawese. Yakizidi kila siku huchangia unene, nao huongeza hatari ya kisukari, presha na magonjwa ya moyo.

Mboga hii inawatosha watu wanne.

Mahitaji
- Mchicha mafungu 3 (au matembele)
- Nyanya 3 zilizoiva
- Kitunguu maji 1 na karoti 1
- Kitunguu saumu punje 2
- Mafuta kijiko kikubwa 1
- Chumvi nusu kijiko cha chai
- Limau nusu

Namna ya kupika
1. Chambua mchicha, uoshe vizuri, ndipo uukate. Ukiuosha baada ya kuukata, sehemu ya vitamini huenda na maji.
2. Kaanga kitunguu maji kwa moto wa wastani. Kikianza kushika chini, nyunyiza maji kidogo, usiongeze mafuta.
3. Tia kitunguu saumu, karoti iliyokwaruzwa na nyanya. Funika mpaka nyanya zirojeke.
4. Tia mchicha, geuza, kisha funika kwa dakika 3 hadi 5. Utaiva kwa maji yake wenyewe. Usitie magadi: hulainisha majani lakini huharibu vitamini.
5. Tia chumvi, epua mboga ikiwa bado ya kijani, kisha kamulia limau.

Zingatia
- Usiache mafuta kabisa. Mwili huyahitaji kidogo ili kufyonza viini vya vitamini A vilivyomo kwenye mchicha na karoti.
- Limau husaidia mwili kupata madini ya chuma kutoka kwenye mboga, chai huyapunguza. Inywe baadaye, si pamoja na mlo.
- Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote. Viungo vya pakiti navyo vina chumvi, vihesabu.
- Kamilisha mlo kwa ugali wa dona na maharage ya kuchemsha.
- Mgonjwa wa figo afuate maelekezo ya daktari wake kuhusu mboga za majani.

Mwenye presha au kisukari hana haja ya kupikiwa sufuria yake peke yake. Pika mboga hii kwa nyumba nzima, mle pamoja.