SOMO KWA MAFUNDI WA MBAO: KUCHAGUA BAPA JIPYA LA MSUMENO

Ninyi mnaokaa katika vijiji vya nyuma ya Likasi na Kolwezi, mnajua ya kuwa safari ya kwenda mjini inakula feza na siku. Mtu akinunua bapa lisilofaa, amepoteza mara mbili: feza ya bapa na feza ya njia. Tena kitanda alichoahidi kinabaki bila kumalizika, na mwenye kukiagiza anakwenda kwa fundi mwingine. Basi jifunzeni somo hili kabla ya kutoka nyumbani. Bapa ndicho chuma chembamba chenye meno.

1. Kwanza angalia kama bapa la zamani limekufa kweli

Bapa lisilokata pengine limechoka tu. Ligeuze katika mwanga wa jua. Ncha ya jino kali haionekani kung'aa, lakini ncha butu inang'aa kama nukta nyeupe. Kisha jaribu jino la mwisho kwa tupa ya pembe tatu. Tupa ikiuma chuma, nunua tupa, usinunue bapa. Tupa ikiteleza, tena ncha za meno zikiwa nyeusi au za rangi ya samawati, meno hayo yamefanywa magumu sana kiwandani. Hayanolewi.

Bapa limekufa kama lina ufa, kama limekunjika wala halinyoki, kama meno mengi yamevunjika mahali pamoja, au kama kutu imelitoboa.

2. Jua msumeno wako

Msumeno wa mkono wenye mpini mmoja: mara nyingi bapa lake haliuzwi peke yake. Ukiwa na meno yanayokubali tupa, utaunoa miaka mingi.

Msumeno wa upinde wa bomba la chuma, wa kukatia magogo: bapa lake hubadilishwa upesi. Mengi yana urefu wa milimeta 533, 610, 762 au 914. Karatasi nyingine huandika inchi 21, 24, 30 au 36. Ni vipimo vile vile.

Msumeno wa kiunzi cha mti, unaokazwa kwa kamba: bapa lake utalipima mwenyewe.

Msumeno wa kukatia chuma: bapa lake la kawaida ni la milimeta 300, lenye meno madogo 18, 24 au 32 katika milimeta 25. Usilinunue kwa kazi ya mbao hata likiwa la bei ndogo. Unga wa mti unajaza meno yake, nalo linakwama.

3. Pima vizuri

Pima toka katikati ya tundu moja mpaka katikati ya tundu la pili. Usipime kiunzi kitupu, kwa sababu upinde ukifunguliwa unatanuka, nawe utanunua bapa refu kupita kiasi. Kama bapa limevunjika, unganisha vipande viwili juu ya ubao, upime. Usipokuwa na kipimo, chukua fito iliyonyoka, utie alama mbili kwa kisu. Angalia pia upana wa bapa na ukubwa wa matundu. Lililo bora ni kuchukua bapa la zamani lenyewe, ulifunge katika kitambaa, uliweke juu ya lile jipya katika magazini kabla ya kulipa.

4. Chagua meno kwa kazi yako

Hesabu meno katika milimeta 25. Kwa kupasua ubao kwa kufuata nyuzi za mti, meno 5 mpaka 7 yanafaa. Kwa kukata nyuzi kwa kukingama, chagua meno 8 mpaka 10. Mti mgumu mkavu, kama mubanga, unataka meno madogo kuliko mti laini.

Kwa magogo kuna mabapa ya namna mbili. Lile lenye meno ya pembe tatu tupu ni la mti mkavu. Lile ambalo katikati ya meno yake kuna jino la kukomba unga ni la mti mbichi.

Tazama tena bapa toka mwisho wake. Jino moja lielekee kuume, linalofuata kushoto. Meno yakisimama sawasawa yote, njia itakuwa nyembamba na bapa litabanwa.

5. Kama bapa haliuzwi

Kipande cha bapa la mashini ya kupasulia mbao, lililokatika, chaweza kufaa kwa msumeno wa kiunzi. Kiombe kwa mwenye mashini. Usichukue kitu cha kampuni bila ruhusa. Chagua chembamba, meno makubwa kama kidole hayawezekani kwa nguvu za mkono. Ili kutoboa tundu, tia moto ncha ya chuma peke yake mpaka iwe nyekundu, kisha uifukie katika majivu ipoe polepole. Usitie moto mahali pa meno, maana yatakuwa laini. Wakati wa kukata chuma hicho linda macho, kwa kuwa huvunjika na kuruka.

6. Kulifunga

Katika msumeno wa kiunzi unaosukumwa, ncha za meno zielekee mbele. Kaza mpaka bapa lilie ukiligusa kwa kidole. Jaribu katika kipande cha mti kisicho na kazi. Kazi ikiisha, legeza kamba, pangusa unga, paka mafuta kidogo.

Maswali

1. Utajuaje kama meno yananoleka?
2. Kwa nini hatupimi kiunzi kitupu?
3. Unataka kupasua ubao kwa kufuata nyuzi. Utachagua meno mangapi katika milimeta 25?
4. Je, tundu hutobolewa namna gani bila kuharibu meno?