Bawa la ndege ya uwanja wa Rughenda lilipimwa wapi?

Handaki la upepo ni kitu gani?

Ni njia iliyofungwa yenye feni kubwa. Ndege, au mfano wake mdogo, hushikizwa kwenye mizani, kisha upepo hupulizwa kuipita. Mizani inasoma nguvu inayoinua bawa na ile inayolikokota nyuma.

Linatuhusu nini sisi wa Butembo na Beni?

Sana! Tazama Cessna Caravan, ndege ya injini moja inayojulikana kote Kivu ya Kaskazini. Umbo la bawa lake penye kiwiliwili huitwa NACA 23017, na kwenye ncha NACA 23012. Tarakimu mbili za mwisho ni unene: asilimia 17 na 12 ya upana wa bawa. Ukoo huo wa maumbo ulitokana na majaribio ya shirika la NACA ya miaka ya 1930 huko Langley, Virginia, Marekani, ndani ya tangi la chuma.

Kwa nini tangi?

Hapo ndipo penye akili ya ajabu. Hewa ina mnato, na mfano mdogo unauhisi kupita kiasi, kwa hiyo vipimo vyake hudanganya. Mhandisi Mjerumani Max Munk akapendekeza hewa ishindiliwe ndani ya tangi hadi mara 20 ya kawaida. Katika hewa nzito hivyo, mfano wenye ukubwa wa sehemu moja ya 20 hujibu upepo kama ndege kamili. Tangi lilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1920, likaungua ndani mwaka 1927, likatengenezwa upya. Mwaka 1933 ikatoka ripoti ya maumbo 78 ya mabawa, hazina ya wahandisi wa dunia nzima.

Na vyombo vya anga za juu?

Palepale Langley, mwaka 1931, lilifunguliwa handaki lenye mdomo wa mita 9 kwa 18, lililoweza kumeza ndege nzima. Baadaye chombo cha anga za juu cha Mercury nacho kilipimwa humo. Handaki hilo limeshabomolewa, lakini tangi la Munk, lililotangazwa kumbukumbu ya kitaifa mwaka 1985, limebaki.

Rubani wa Rughenda anafaidika nini?

Vipimo vya namna hiyo huonyesha bawa linabeba uzito gani kwa kasi gani. Rughenda, uwanja wa ndege wa Butembo, iko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya usawa wa bahari kwa karibu asilimia 16. Ili bawa libebe uzito uleule, kasi ya kuruka lazima iongezeke kwa karibu asilimia 9, na ndege ikimbie mbali zaidi kabla ya kuinuka. Mavivi, uwanja wa Beni, iko chini zaidi, hivyo nafuu ipo. Kwa hiyo rubani akikataa gunia la mwisho Rughenda, msigombane naye.