West Ham: Mji Uliozaliwa Ng'ambo ya Mto

Tangu kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013 na yale mabaraza ya miji na wilaya ya zamani kuvunjwa, tumekuwa tukiulizwa mikutanoni: kwani mpaka wa serikali ya mtaa unamhusu nini mama anayetafuta maji? Leo tutajifunza kwa mfano wa mbali, pembeni mwa London, Uingereza. Mahali penyewe ni West Ham, na baraza lake halipo tena.

Tuanze na mto. Mto Lea ulikuwa mpaka wa London upande wa mashariki. Mwaka 1844 ikatungwa sheria ya majengo iliyobana viwanda vya harufu mbaya na vya hatari ndani ya London. Unafikiri wenye viwanda walifanya nini? Walivuka mto, basi! Ng'ambo ilikuwa wilaya ya Essex, na sheria ile haikufika huko. Zikaja kazi za kuchemsha mifupa, za sabuni, za kemikali. Mwaka 1855 ikafunguliwa gati ya Royal Victoria, na vibarua wakafuata kazi. Walijengewa nyumba kwenye kinamasi, mahali palipo chini kuliko maji ya mto yanapojaa, tena bila mitaro ya maji taka. London ikapata bidhaa, na moshi ukawabakia hawa.

Mwaka 1856 ndipo walipopata bodi ya afya ya kwao, ianze kuchimba mitaro na kutengeneza barabara. Watu waliongezeka ajabu: mwaka 1851 walikuwa kama 19,000, na kufika 1901 walizidi 267,000. Mwaka 1886 West Ham ikawa manispaa, na 1889 ikapewa mamlaka kamili, isiwe chini ya baraza la Essex wala la London.

Sasa sikilizeni hili. Mwaka huohuo wa 1889 wafanyakazi wa gesi, wakiongozwa na Will Thorne, waliunda chama chao na kudai siku ya kazi ya saa nane. Thorne hakusoma shule. Alianza kazi akiwa mtoto mdogo. Hawakuishia kwenye mshahara. Walisimamisha watu wao kwenye uchaguzi wa baraza, na mwaka 1898 West Ham ikawa ya kwanza Uingereza kuwa na madiwani wengi wa upande wa wafanyakazi. Hao waliwapa vibarua wa baraza saa nane na mshahara usioshuka chini ya kiwango. Uchaguzi uliofuata walipoteza wingi wao, lakini baadaye walirudi.

Mamlaka ya kupewa huweza kunyang'anywa. Bodi iliyochaguliwa kusaidia maskini wa West Ham na majirani wao ilikopa sana ili kulisha wasio na kazi. Mwaka 1926 serikali kuu ikatunga sheria, ikawaondoa waliochaguliwa, ikaweka watu wake, na msaada ukapunguzwa. Hapa vikundi vinaweza kubishana: deni lilikuwa kubwa kweli, lakini pia watu walikuwa na njaa.

Hatutaki kulipaka baraza hili mafuta. Septemba 1940 ndege za Ujerumani zilipiga magati. Familia zilizopoteza nyumba zilikusanywa katika shule ya South Hallsville, zikaambiwa mabasi yanakuja kuwahamisha. Zikangoja, mchana na usiku. Tarehe 10 bomu likaangukia shule. Hesabu ya serikali ni watu 77. Wenyeji walisema ni mamia. Waliobaki hawakusahau ahadi ile ya mabasi.

Mwaka 1965 mipaka ya London ilipanuliwa. West Ham iliunganishwa na jirani yake East Ham, ikazaliwa Newham, ambayo ni sehemu ya London hadi leo. Miaka 121 baada ya sheria ya 1844, ng'ambo ya mto nako kukawa London.

Kwa mkutano wenu ujao, mzee mmoja achore mpaka wa wadi yenu chini, mchangani. Kisha muulizane: ni taka gani, maji gani, na kodi gani inayovuka mstari huo, na inaelekea upande gani?