Nafasi ya Nodi katika Waraka wa XML: Mazingatio kwa Wahariri wa Tenzi

Tenzi za kale zinapohamishwa kutoka miswada hadi tarakilishi, mhariri hukabiliwa na swali linaloonekana dogo: ubeti huu ni wa ngapi? Jibu likikosewa, kila atakayenukuu toleo hilo atapotoka. Makala hii inanuia kuonyesha kwamba nambari inayotolewa na tarakilishi haimo ndani ya ubeti wenyewe, bali hutokana na orodha inayosomwa wakati huo.

XML, lugha ya kutilia matini alama, iliidhinishwa mwaka 1998. Waraka wake hutazamwa kama mti: utenzi ni shina, beti ni matawi, mishororo ni vitawi. Kila sehemu ya mti huo, hata nafasi tupu baina ya alama mbili, ni nodi. (Wapo watakaopendelea ‘kifundo’, kwa mfano wa muwa, na si pendekezo baya.) XSLT, iliyotoka mwaka 1999, ni lugha ya kuandikia laha ya mitindo, yaani maelekezo ya kuugeuza mti huo kuwa ukurasa wa kusomwa. Nafasi ya nodi huulizwa kwa fanksheni ya position().

Chukua Kamakis, pale Ruiru panapojulikana kwa nyama choma, kando ya barabara ya Eastern Bypass. Tuseme waraka umeorodhesha vituo vinne vya barabara hiyo: Cabanas, Utawala, Kamakis, Ruiru. Kamakis ni kituo cha tatu. Laha ikiagizwa kuvipanga kialfabeti, position() itajibu kwamba ni cha pili. Abiria anayeanzia Ruiru naye atasema ni cha pili, ingawa kwa sababu nyingine kabisa. Kamakis haijasogea hata hatua moja; kilichobadilika ni orodha.

Hali ni hiyo hiyo kwa beti. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir huwavutia wengi kwa taswira za magofu ya Pate. Mtafiti akiagiza laha imchagulie beti za magofu peke yake, ubeti wa kwanza katika uteuzi huo utapewa nambari 1, hata kama katika utenzi umetanguliwa na makumi ya beti. Nambari hiyo ikichapishwa pembeni, msomaji wa toleo la Hichens la mwaka 1939 hataupata ubeti huo.

Mtego wa pili hauonekani kwa macho. Ubeti wa utenzi una mishororo minne, na wa nne ndio unaobeba kina cha bahari. Mwanafunzi anayetaka kuuchapa kwa wino mzito huandika sharti kwamba nafasi iwe 4, kisha hushangaa mshororo wa pili ukikolezwa badala yake. Sababu ni kwamba, pale laha inapoambiwa ishughulikie nodi zote za ubeti bila kuchagua, mapengo ya mistari nayo huhesabiwa, na mishororo hupata nafasi za 2, 4, 6 na 8. Tiba ni kutaja wazi kwamba mishororo tu ndiyo ichaguliwe, au kuamuru mapengo yaondolewe kwa xsl:strip-space.

Anayetaka nafasi ya asili, isiyotikiswa na uteuzi wala upangaji, na ahesabu ndugu waliotangulia: count(preceding-sibling::ubeti) + 1. Njia hii ina gharama. Utendi wa Tambuka, wa mwaka 1728, una takriban beti 1,150. Kuhesabu upya kwa kila ubeti kunaweza kuilazimu tarakilishi kupitia ndugu zaidi ya laki sita na nusu. Aidha, utenzi ukigawanywa katika sehemu, hesabu huanza upya kila sehemu, maana ndugu ni wa mzazi mmoja tu. Hapo hufaa xsl:number yenye level="any", inayohesabu katika waraka mzima.

Hata hivyo, hesabu yoyote huyumba mhariri anapoongeza ubeti uliopatikana katika mswada mwingine. Kwa hiyo nambari ya kunukuliwa yafaa iandikwe katika sifa ya ubeti wenyewe, kama miongozo ya TEI inavyoruhusu kwa sifa ya n. Kuhesabu kubaki kuwa kipimo: laha ilinganishe nambari iliyoandikwa na iliyohesabiwa, na zinapotofautiana, mhariri aurejelee mswada aone ni ubeti upi ulioachwa, uliorudiwa au ulioongezwa.